Mtoto Anayekwama Kusoma, Tumsaidie Sisi



Siku moja tulikuwa katika kijiji kimoja, tunatembelea darasa la kisomo. Mama mmoja alikuja na mwanawe wa darasa la nne. Akasema kwa furaha, "Mwalimu, huyu anasoma kama maji!"

Mtoto akafungua kitabu. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Halafu sisi tukafunika maneno kwa mkono, tukaacha neno moja tu la katikati. Tukamwuliza, "Hili ni neno gani?" Kimya. Tukamwonyesha jingine. Kimya. Kumbe ukurasa ule aliukariri kwa kuwasikia wenzake.

Mama aliinamisha kichwa. Akasema, "Miaka yote hii nanunua madaftari na sare. Mimi mwenyewe nimejua kusoma ukubwani. Sikujua kuwa mwanangu naye yuko gizani."

Kwa nini mtoto hukwama?

Mtoto wa namna hii siyo mjinga. Sababu ni nyingi. Darasa lina watoto wengi, na mwalimu ni mmoja. Mtoto mwingine aliugua, akakosa masomo ya mwanzo. Mwingine nyumbani husema Kisukuma au Kigogo tu, akafika shuleni akakuta Kiswahili. Mwingine haoni vizuri ubaoni, au hasikii vizuri. Huyo apelekwe zahanati kwanza.

Mtoto aliyekwama huona haya, hukaa nyuma, hunyamaza. Mwisho hutoroka shule.

Kazi hii si ngeni kwetu

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa katika kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma. Walimu hawakutosha. Basi wakulima waliojua kusoma wakawafundisha wenzao. Hata wanafunzi wa shule walifundisha wazee. Mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua wamepungua hadi kama 39 katika 100.

Wakati ule mtoto alimfundisha mzee. Leo mzee amfundishe mtoto.

Wenzetu wa India nao wamejaribu. Mwaka 2005 na 2006, katika wilaya ya Jaunpur, shirika la Pratham liliwapa wanavijiji mafunzo ya siku chache. Wakawafundisha watoto kusoma baada ya saa za shule, bila mshahara. Watoto waliohudhuria walisonga mbele. Lakini waliohudhuria walikuwa wachache. Tunajifunza nini? Kufungua darasa hakutoshi. Lazima kupita nyumba kwa nyumba na kuwaita watoto.

Namna ya kufundisha

1. Pima kwanza. Mwonyeshe mtoto silabi, kisha neno, kisha sentensi. Anapokwama, hapo ndipo pa kuanzia. Usiangalie yuko darasa la ngapi.

2. Anza na silabi: ba, be, bi, bo, bu. Ziandike kwenye vipande vya boksi. Mtoto avichanganye aunde maneno: ba-ba, bi-bi, ba-bu. Akiunda neno mwenyewe, hakariri tena.

3. Nenda kwenye silabi ngumu polepole: mbu-zi, ndo-o, nya-nya. Mwonyeshe tofauti ya ngoma na ng'ombe. Hapo wengi hukwama, hata sisi wakubwa!

4. Kila siku msomee hadithi fupi, ukipitisha kidole chini ya maneno. Halafu mwulize, "Nani kafanya nini?" Kusoma bila kuelewa si kusoma.

5. Nusu saa kila siku yatosha. Ni bora kuliko saa tatu kwa siku moja.

6. Usipige, usicheke. Akikosea sema, "Hebu tazama tena."

Watoto wanne au watano wanatosha kwa mtu mmoja. Kaeni mahali pa wazi, barazani au chini ya mwembe, wazazi wakijua na watu wakiona. Mweleze mwalimu wa shule unachofanya. Humpokonyi kazi yake, unamshika mkono.

Pengine utasema, "Mimi nimeishia kisomo tu, nitamfundisha nani?" Ndugu, wewe unakumbuka jinsi herufi zilivyokusumbua. Kwa hiyo utakuwa na subira.

Yule mama je?

Alianza jioni ile ile, na vipande vya boksi la sabuni. Watoto wawili wa jirani wakajiunga. Tulirudi baada ya miezi mitatu. Tukampa mtoto karatasi ambayo hajapata kuiona. Alisoma polepole, kidole kikitembea, akikwama na kurudi. Hakusoma kama maji. Lakini safari hii alisoma kweli. Mama alikaa kando, midomo yake ikisoma pamoja naye.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kitongoji chetu, ni watoto gani wamekwama kusoma? Tutawajuaje bila kuwatia aibu?

2. Nani kati yetu anaweza kutoa nusu saa kila siku? Saa ngapi, na wapi?

3. Nani atakwenda kuzungumza na mwalimu mkuu wiki hii?