Mpagazi Mwenye Homa Angoje Kwanza



Katika vijiji vya Marangu, Machame na Rombo, watu wengi hupata fedha kwa kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima Kilimanjaro. Kazi ni ngumu, lakini inalipa ada za watoto na kununua mabati. Basi mtu ameshapata nafasi ya safari, halafu usiku anaamka na homa. Atafanya nini? Mara nyingi humeza vidonge viwili vya maumivu, akafunga mzigo, akaenda. Anajua akisema anaumwa, nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

Hesabu hiyo tunaielewa. Lakini iko hesabu nyingine, nayo ni ya hewa.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya bahari. Kule juu, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayopata pwani. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo damu huichukua mapafuni na kuisambaza mwilini. Mtu mzima wa afya hustahimili kwa kuhema upesi na moyo kwenda mbio. Je, mwenye malaria? Vijidudu vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, zile zile zinazobeba oksijeni. Na mwenye nimonia, mapafu yake yameshaziba kwa ugonjwa. Watu hawa wanapungukiwa hata wakiwa kitandani. Sasa wabebe kilo 20!

Tena kuna jambo la kutisha. Malaria na ugonjwa wa mlima hufanana: kichwa kuuma, kutapika, kuishiwa nguvu. Ukianza kuumwa pale Kibo, kwenye mita 4,700, kiongozi wako hawezi kujua ni upi kwa kukutazama tu. Na ugonjwa wa mlima ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba. Mtu anayepepesuka kama mlevi, au anayehema akiwa ameketi, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Vile vidonge vya maumivu hushusha homa tu, haviui malaria. Nenda zahanati ukapimwe. Ukikutwa na malaria, dawa mseto humezwa kwa siku 3. Zimalize zote, hata kama siku ya pili unajiona umepona, kisha ungoje nguvu zirudi. Nimonia huchukua muda zaidi, muulize mganga. Kikohozi kikifika wiki 2, pima makohozi, maana huenda ni kifua kikuu, na wapagazi hulala wengi katika hema moja. Mwenye selimundu yeye asipande kabisa, hata akijisikia mzima. Oksijeni ikipungua, chembe zake za damu hupinda na kuziba mishipa.

Na fedha je? Mwambie kiongozi mapema, siyo asubuhi mkiwa getini. Afadhali upatane na ndugu au jirani kabla ya msimu: wewe ukiumwa aende yeye, naye akiumwa uende wewe. Wageni huja kwa wingi kuanzia Juni mpaka Oktoba, tena Januari na Februari. Aliyeugua Juni akatibiwa vizuri, Julai anaweza kuwa getini na mzigo wake.