Rangi ya Picha ya Kale Haitaki Kubahatishwa

Mjini Chicago, nchini Marekani, katika barabara ya State Street, lipo jengo kubwa la mawe ya kijivu ambalo kwa miaka mingi lilikuwa duka la Marshall Field. Humo mnunuzi alipata nguo, vyombo na samani, na hata chakula cha mchana, pasipo kutoka nje. Mwaka 2006 jina lilibadilishwa likawa Macy's. Picha nyingi zilizopigwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 ni nyeusi na nyeupe tu. Siku hizi wako watu wanaozitia rangi kwa kompyuta, ili kizazi cha leo kiyaone maisha ya jana kama walivyoyaona waliokuwapo.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini ina mitego.

Wapiga picha wa wakati ule walitumia mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa. Nyingi katika dawa hizo hazikuhisi rangi nyekundu, bali ziliathiriwa mno na buluu. Kwa hiyo kofia nyekundu ya bibi apitaye mlangoni hutokea nyeusi pichani, na anga la buluu hutokea jeupe kana kwamba limetanda mawingu. Mtia rangi asiyelijua jambo hilo humvika bibi yule kofia ya msiba, ilhali pengine alikuwa akienda arusini.

Tena, kwenye pembe ya jengo pana saa kubwa ya shaba, iliyowekwa kwanza mwaka 1897. Leo ni ya kijani. Lakini shaba hugeuka kijani kwa mvua, hewa na miaka. Rangi ya leo, basi, si ushahidi tosha wa rangi ya jana. Hata kuta zataka hadhari, kwani moshi wa makaa ya mawe uliipaka masizi miji mingi ya siku zile.

Mtia rangi hodari huanza kwa kutafuta ushahidi. Dari ya vioo iliyobuniwa na Louis Comfort Tiffany mwaka 1907, yenye vipande zaidi ya milioni moja na nusu, hueleza rangi zake yenyewe. Nguo zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho nazo husaidia. Kadi za posta za rangi hazina budi kupimwa kwanza, maana nyingi zilitiwa rangi kiwandani na watu ambao huenda hawakuliona duka lenyewe.

Somo hili lahusu pia nyumba za askari. Ukutani huning'inia picha ya babu katika sare yake, kifuani ana nishani. Kompyuta hukisia rangi kwa kufananisha na picha nyingine ilizofundishwa. Haijui babu alitumikia wapi. Utepe mmoja ukikosewa rangi, mzee atapewa nishani ya vita ambavyo hakupigana, na wajukuu wataamini.

Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka picha kutiwa rangi, waulizwe wazee wangali hai, na majibu yao yaandikwe. Nishani yenyewe, kama ingalimo sandukuni, itolewe itazamwe. Nyuma ya nakala ya rangi yaandikwe yaliyothibitishwa na yaliyokisiwa. Picha ya asili isitupwe kamwe, kwani hiyo ndiyo shahidi. Ya rangi ni tafsiri tu.