Kipimio cha ultrasaundi mbele ya sikio

Ukitaja ultrasaundi Mbulu au Katesh, wengi hufikiria kliniki ya wajawazito. Mashine hiyo hiyo, ikibadilishwa kipimio tu, huweza kukionyesha kiungo cha taya kikitembea mgonjwa anapoachama na kufumba. Kwa maeneo haya jambo hilo lina uzito. Picha bora ya sehemu laini za kiungo hiki ni MRI, nayo iko katika hospitali kubwa za mbali kama Muhimbili. Ultrasaundi ni nafuu zaidi na, kama MRI, haina mionzi.

Weka kidole mbele ya tundu la sikio, kisha achama. Kinachoteleza chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha nyuzi ngumu. Kisahani kikitangulia mbele, mtu husikia "tak" anapotafuna. Kikikwama, hawezi kuachama hata vidole vyake vitatu viingie kinywani.

Kipimio cha mimba hutuma mawimbi ya megahezi 3 hadi 5 ili yafike ndani ya tumbo. Kiungo cha taya kiko karibu na ngozi, hivyo hutakiwa kipimio bapa, kile cha tezi ya shingo na matiti, chenye megahezi 7 hadi 15 au zaidi. Mawimbi hayo hayaendi mbali, lakini picha yake ni kali. Tatizo ni mfupa: sauti haiupenyi, na sehemu ya ndani ya kiungo hubaki kivulini. Kwa hiyo ultrasaundi huona vizuri maji yaliyojaa kwenye kiungo na misuli ya kutafunia, na humwongoza daktari anayechoma sindano humo. Kisahani hukiona kwa kiasi tu. Mpimaji akiandika kwamba hakuona kasoro, asieleweke kuwa amethibitisha kisahani kiko mahali pake.

Na hata kikionekana kimehama, bado si jibu. MRI za watu wasio na maumivu yoyote zimeonyesha kisahani kilichohama kwa takriban theluthi moja yao. Kwangu mimi, vidole vya tabibu na maswali yake vinatangulia mashine: maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, je, mgonjwa husaga meno usingizini? Mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kiiraqw au Kidatoga aulizwe kwa lugha hiyo, maana hapo ndipo ugonjwa unapojitokeza. Mara nyingi chanzo ni misuli, na tiba ya kwanza ni ya kawaida: kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kutokubana meno, kuweka kando mahindi ya kuchoma na muwa kwa wiki chache, na dawa ya maumivu kwa ushauri wa mtaalamu. Wengi hupata nafuu bila picha yoyote.

Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955 wilayani Mbulu, ni aina ya mahali ambapo ningependa tabibu wa meno na mpimaji wa ultrasaundi wajifunze kazi hii pamoja, kwa mgonjwa mmoja, huyu akishika taya na yule akishika kipimio. Majibu ya kipimo hiki hutegemea sana mkono wa anayepima, na mkono huo haufunzwi kwa kusoma tu.

Yapo mambo ambayo hayasubiri ultrasaundi. Taya likibana baada ya jeraha, hata dogo, fikiria pepopunda na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo ukibaki wazi baada ya mwayo, taya limeteguka na linatakiwa kurudishwa na mtaalamu mapema. Aliyeangukia kidevu kutoka kwenye bodaboda anahitaji eksirei. Mtoto aliyeumia kidevu au aliyeugua sikio kwa muda mrefu, akaanza kushindwa kuachama, huenda mifupa ya kiungo chake inashikana. Akichelewa, taya hukua upande. Huyo apelekwe kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na picha itakayomwongoza daktari ni CT.