Ute wa Samaki Ndio Ngao Yake

Mkulima wa Garissa uliyechimba bwawa la samaki karibu na Mto Tana, fahamu kwamba vijidudu havikosekani majini. Perege mwenye afya huvistahimili, kwa kuwa ute wa ngozi yake huvizuia. Lakini ute huo hutoka upesi ukimshika kwa mikono mikavu au kumvua jua la utosi. Tena usiwasonganishe: watatu kwa kila mita ya mraba watosha.

Vifaranga wageni waogeshe kwanza dakika 10 katika ndoo ya plastiki yenye chumvi gramu 10 kwa kila lita ya maji. Tumia chumvi ya jikoni, si ile ya kulambisha ng'ombe, ambayo ina madini mengine. Usiondoke, akilala ubavu, mrudishe mara moja katika maji safi.