Marcia na Kioo Chake: Kweli au Uongo?

"Wachoraji wa zama za kati walituonyesha wanawake wa Roma walivyokuwa."

Uongo, na wala hawakujaribu. Mwaka 1403 Philippe, mtawala wa Burgundy, alizawadiwa tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha mwandishi Boccaccio kuhusu wanawake mashuhuri, kilichojaa picha za kuchorwa kwa mkono. Humo yumo Marcia, binti wa Kirumi anayesimuliwa kuwa alikataa kuolewa, akashika brashi na kujichora mwenyewe. Anaonekana kioo mkononi, uso wake ukizaliwa upya kwenye ubao, naye amevaa nguo za Paris ya siku zile. Hana hata uzi mmoja wa Roma! Anayecheka amkumbuke Elimo Njau, mwanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la sanaa lililofunguliwa Koinange Street mwaka 1965. Alipochora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, Injili aliihamishia Ukikuyuni. Hadithi ya mbali huvishwa nguo za nyumbani ili watu waitambue.

"Vitabu hivyo vya picha za mkono ni kazi ya watawa."

Nusu kweli. Kwa karne nyingi vilitoka kwenye monasteri, lakini kufikia 1400 jijini Paris vilikuwa vikitengenezwa na mafundi wa mjini, kwa malipo. Wanawake walikuwamo. Mwandishi Christine de Pizan, mwaka 1405, alimsifu fundi aitwaye Anastaise kwa ustadi wa kupamba pambizo. Kwa hiyo Marcia mwenye brashi hakuwa kioja kwa wasomaji wake.

"Kwetu havikuwapo."

Uongo mtupu. Waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Sura za watu usizitafute: msahafu hauchorwi watu. Ethiopia nayo ina Injili za Garima, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,300, na humo watu wamechorwa.

"Nairobi vimo kwenye mkusanyo wa Murumbi."

Usichanganye mambo. Mkusanyaji Joseph Murumbi aliacha vitabu zaidi ya 8,000 vya kabla ya 1900, vilivyoko Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, lakini umaarufu wa mkusanyo huo ni vitabu vya chapa kuhusu Afrika. Kumwona Marcia, aliye Kangemi au Lavington aingie Gallica, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, atafute Français 12420. Ni bure, ila picha ni nzito na Boccaccio alisimulia maisha 106; angalia bando lako kwanza.