Amani Iliyokuja Kabla ya Jibu

Ukisikia neno amani likihubiriwa kanisani unafikiria nini? Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mwenye amani ni yule ambaye mambo yake yamenyooka: mume ana kazi, watoto wanasoma, hakuna anayeumwa nyumbani. Kwa kipimo hicho akina mama wengi wa mkoa wetu wa Kagera wasingeionja amani hata siku moja.

Hebu tukumbuke tulikopita. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, watu wakakimbia wakiacha migomba na ng'ombe. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu. Wakati huo wazee wetu waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Tarehe 21 Mei 1996 ikazama MV Bukoba na mamia ya ndugu zetu. Tetemeko likaja Septemba 2016, na Novemba 2022 ndege ikaanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 wakafa. Kila nyumba ina tarehe yake katika orodha hii, na nyingine zina tarehe mbili au tatu.

Katika misiba hiyo tumesikia swali moja likirudiwa. Yesu aliituliza dhoruba wanafunzi wake wasizame (Marko 4), mbona meli yetu hakuizuia? Sisi akina mama tunaotembelea waliofiwa hatuna jibu la swali hilo, na tumejifunza kuwaogopa kidogo wale wanaolijibu upesi.

Lakini yuko mwanamke mmoja katika Biblia ambaye tunapenda kumtaja tukiwa vibarazani kwa watu. Ni Hana, mke wa Elkana. Wengi tunamkumbuka kwa sababu ya mtoto wake Samweli. Turudi nyuma kidogo, tusome sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza polepole. Hana alikuwa tasa, mke mwenzake alimchokoza mwaka hadi mwaka, naye akawa analia na kuacha kula. (Muuguzi yeyote akisoma hapo anajua anasoma habari za mgonjwa.) Akaenda hekaluni akalia kwa uchungu, akamwambia Mungu yote. Kuhani Eli akamdhania amelewa. Alipomaliza na kuhani akamwaga kwa maneno mema, akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Hiyo ni aya ya 18. Mimba inakuja aya ya 20. Hana alikula kabla hajajibiwa. Alikuwa bado tasa, na yule mwenzake alikuwa bado anamngoja nyumbani na maneno yake.

Mwaka 2007 tulipewa jina la bibi mmoja huko Muleba, tumtembelee. Alikuwa amezika watoto wanne, wa mwisho mwezi uliopita tu, na wajukuu saba walikuwa wamebaki mikononi mwake. Tulipobisha hodi tulimkuta ameketi juu ya mkeka, mikono magotini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Ila sina cha kuwapa."

Tulimpima presha, ilikuwa juu sana. Mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, alituambia kwa sauti ya chini kwamba Bibi hali, na usiku halali, anazunguka uani. Tukamwuliza mwenyewe. Akasema watu wa sala wa pale kijijini walimwambia mtu aliyeokoka halii namna ile, kwamba machozi yake yanamwaibisha Bwana. Basi akayafunga. Alipoyafunga, na chakula nacho kikakataa kupita.

Tuseme wazi hapa kwamba ushauri huo si wa Neno la Mungu. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Hakuwaandikia wasihuzunike. Naye Yesu, aliyejua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini, alilia hata hivyo.

Siku ile hatukuhubiri. Mmoja wetu aliosha vyombo, mwingine akaenda shambani na watoto kukata ndizi, na wawili tukabaki mkekani tukamsimulia habari za Hana. Alisikiliza bila kuinua kichwa, kisha akauliza:

"Kwa hiyo huyo mama alilia mbele za Mungu, naye hakukemewa?"

"Alikemewa na kuhani, Bibi. Mungu hakumkemea."

Alikaa kimya kitambo. Halafu akaanza kuomba kwa Kihaya, na yale hayakuwa maombi tuliyoyazoea Jumapili. Alimwuliza Mungu kwa nini hakumchukua yeye mzee akawaacha vijana. Alitaja watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, na ugonjwa wa kila mmoja ulivyoanza. Mwenzetu mmoja alitaka kumtuliza, tukamshika mkono. Alilia karibu saa nzima. Jua likiwa limeanza kushuka akajifuta uso kwa kanga akauliza kama zile ndizi zimeiva jikoni, akala pamoja na watoto.

Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Karo ya yule msichana ilikuwa haijalipwa, paa lilikuwa linavuja vilevile, na makaburi manne yalikuwa pale pale nyuma ya migomba. Usingizi haukurudi usiku ule wala wiki ile. Ulirudi polepole, baada ya vidonge vya presha na baada ya ziara nyingi za akina mama waliokwenda kupalilia naye. Ila tangu siku ile alikuwa na mahali pa kuupeleka mzigo wake, na hapo ndipo tulipoiona amani ambayo Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa amefungwa minyororo.

Wapo wanaofikiri kwamba kumeza vidonge ni kupungukiwa imani. Sisi tunaofanya kazi wodini tunalipinga jambo hili kwa nguvu zote. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure nchini, tumeona wazazi wakiamka vitandani na kurudi mashambani. Tumeona pia mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, wengine wakirudi wameacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Hata Eliya, alipojilaza chini ya mti akitaka kufa, hakupewa mahubiri kwanza. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Machi 2023 tulijaribiwa kwa namna nyingine. Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilayani Bukoba: watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Wauguzi tuliogopa, kwa nini tufiche? Hatukuweza kushikana mikono wala kukumbatia waliofiwa, na kwetu sisi msiba bila kushikana mikono ni msiba nusu. Kabla ya zamu tulikuwa tunasimama mbalimbali, mmoja anaomba kwa maneno machache, kisha tunakaguana mavazi ya kujikinga, glavu na miwani, kila mtu na mwenzake. Hofu haikuondoka, ila mikono iliacha kutetemeka kiasi cha kuweza kufunga kamba za aproni.

Hadi sasa kikundi chetu kinatoka kila Alhamisi mchana, watu wanne wanne. Tunabeba unga, sabuni na mashine ya presha. Biblia iko kwenye kikapu, lakini hatuitoi mpaka tumeshasikiliza.

Na wewe dada, ukimwona mwenzako kwaya imemwona mara ya mwisho mwezi uliopita, nenda kwake. Ukikuta amepitisha wiki mbili bila kulala wala kula vizuri, hana hamu na lolote, hata watoto wake hawamfurahishi, ujue huenda hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Akitamka kwamba ni afadhali afe, usimwache peke yake hata kidogo. Mwite mtu wa kukaa na watoto, omba naye njiani, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, na foleni ikiwa ndefu kaa naye benchi mpaka aitwe.