Kishikwambi Kikigoma Kuwaka, Usikizike Mapema

Zamani tulikuwa na sanduku moja chini ya kitanda. Humo tuliweka vyeti vya watoto, picha za arusi na akiba kidogo iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Siku hizi mengi ya hayo yamehamia ndani ya kishikwambi. Ndiyo maana nyumba nzima huingiwa na hofu asubuhi kinapobonyezwa nacho kikanyamaza, kioo cheusi tii.

Mwezi huu tunazungumzia jambo hilo tukiwaangalia hasa akina mama wa Chemba, wilaya ya Mkoa wa Dodoma iliyogawanywa kutoka Kondoa mwaka 2012. Wengi wetu tuliviona vishikwambi kwa karibu wakati wa Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakijaza majibu yetu humo. Baada ya sensa Serikali ilivigawa kwa walimu, na hivyo vikafika hata katika shule zilizo mbali na barabara ya lami, upande wa Farkwa na Kwa Mtoro. Wengine tumenunua vyetu, ili watoto wajisomee au tuandike hesabu za kikundi cha kukopeshana.

Hebu tumfikirie mama mmoja mwalimu katika vijiji hivyo. Ndani ya kishikwambi chake mna maandalio ya masomo, picha za mtoto tangu siku ya kwanza, na sauti ya bibi aliyekwisha kufariki akisimulia hadithi kwa Kisandawe, lugha ile yenye sauti za kugonga ulimi. Kishikwambi kingine kitanunuliwa. Sauti ya bibi hainunuliki. Kwa hiyo, kabla hatujauliza kitawakaje, tuulize kwanza: ndani mna nini?

Huenda kina njaa tu

Mara nyingi kishikwambi kisichowaka hakijafa, bali kimeishiwa chaji kupita kiasi. Kikifungiwa kabatini likizo nzima, betri huendelea kupungua yenyewe kidogo kidogo. Ikishuka mno, kinga iliyomo ndani huikata ili isiharibike. Ukichomeka chaja hapo, umeme huingia kidogo sana mwanzoni, na kioo chaweza kubaki cheusi kwa muda mrefu bila hata alama ya betri. Wengi hukata tamaa katika dakika hizo. Kiache kwenye umeme saa moja au mbili bila kukibonyezabonyeza.

Angalia pia chakula unachokipa. Chaja ya kishikwambi kwa kawaida hutoa ampea 2, lakini chaja ya simu ndogo hutoa ampea 1 au chini yake. Betri ya milliampea-saa 6,000 ikichajiwa kwa nusu ampea, kama sola nyingi ndogo zinavyotoa, huhitaji zaidi ya saa 12 kujaa. Jua la siku moja halitoshi, na wingu likitanda ndiyo basi. Kwa hiyo, kama nyumbani mnatumia sola, kabla ya kukihukumu kipeleke mahali penye umeme wa kutosha, ukitumia chaja na waya ambavyo umeona vikichaji kifaa kingine. Waya hukatika ndani bila kuonekana nje.

Halafu kuna vumbi. Katika nyanda zetu kavu za kati, upepo wa kiangazi hulipeleka kila mahali, na tundu la chaja hujaa taratibu mpaka waya haugusi vizuri. Zima kishikwambi, chomoa chaja, kisha safisha tundu polepole kwa kijiti chembamba cha mti kilicho kikavu. Usitumie sindano wala pini, kwani chuma huvunja meno madogo yaliyomo ndani. Usipulize kwa mdomo pia, maana mate ni maji.

Kukiamsha kilicholala

Pengine chaji ipo, ila programu zimeganda. Shikilia kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa sekunde 30. Kisipoitika, shikilia kitufe hicho pamoja na kile cha kupunguza sauti kwa muda kama huo. Vishikwambi vingi vya Android hulazimika kujizima na kuanza upya kwa njia hii, na hakuna picha hata moja inayopotea.

Kikionyesha nembo ya kampuni kisha kikarudia tena na tena bila kufika mwisho, betri huenda ni nzima na taabu ikawa katika programu. Mara nyingi husababishwa na nafasi iliyojaa kabisa, au programu mbaya iliyoingizwa karibuni, au umeme kukatika katikati ya kusasisha. Kwenye vingi, ukishikilia kitufe cha kupunguza sauti mara nembo inapotokea, kitawaka katika hali salama, yaani kwa zile programu kilizotoka nazo kiwandani tu. Hapo waweza kuondoa programu uliyoiingiza mwisho na kupunguza video zilizojaa.

Kisipokubali, kizime. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kuongeza sauti mpaka orodha ya maandishi itokee. Kampuni hutofautiana katika vitufe hivi. Katika baadhi ya vishikwambi utaona kwanza roboti mdogo wa kijani amelala chali. Usishtuke. Shikilia cha kuwashia, gusa cha kuongeza sauti mara moja, na orodha itafunguka. Humo unateremka kwa kitufe cha sauti na kuchagua kwa kile cha kuwashia. Chagua kwanza “Reboot system now”, yaani kuwasha upya. Kama upo mstari wa “Wipe cache partition”, huo husafisha mabaki ya kazi tu, na picha zako hubaki.

Mstari usioguswa kwa haraka

Lakini katika orodha hiyo hiyo kuna “Wipe data/factory reset”. Huo hukirudisha kishikwambi kama kilivyotoka dukani. Ni kweli huponya vingi, na ndio fundi wengi huukimbilia. Wanaposema “tukifleshi tu, mama”, mara nyingi wana maana hiyo au kazi nyingine yenye matokeo yale yale: picha, sauti na hesabu za kikundi vyote hufutika. Tena vishikwambi vilivyotengenezwa kwa Android 10 ya mwaka 2019 na kuendelea hufunga kila kitu kwa fumbo, na ufunguo hufutwa pamoja na vitu vyenyewe. Baada ya hapo hakuna fundi, awe wa Chemba, Dodoma mjini au Kariakoo, atakayevirudisha.

Kwa hiyo, kabla hujasema ndiyo, fanya mambo matatu. Kwanza, toa kadi ya kumbukumbu na laini ya simu, ubaki nazo mkononi. Pili, mwulize fundi waziwazi: “Je, kazi hii itafuta vilivyomo?” Akisema itafuta, mwombe ajaribu kwanza betri nyingine na tundu jingine la chaja. Tatu, hakikisha unakumbuka anwani na nywila ya akaunti ya Google iliyokuwemo. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, kishikwambi kilichofutwa kwa njia hii chaweza kuidai akaunti ileile kabla ya kukubali kutumika tena. Kinga hiyo iliwekwa ili kumkatisha tamaa mwizi, lakini humfungia nje hata mwenye mali aliyesahau.

Kama kishikwambi ulikabidhiwa shuleni kwa saini, usikipeleke kibandani kimyakimya. Toa taarifa kwa mwalimu mkuu kwanza.

Wakati wa kuacha kabisa

Ukiona mgongo umevimba au kioo kimeinuka upande mmoja, betri imeharibika. Usikichaji, usikibonyeze, usikitoboe, wala usikiache karibu na watoto, kwani betri ya namna hiyo yaweza kushika moto. Mpelekee fundi. Kikiingia maji, kizime na usikichomeke kwenye umeme. Kukifukia ndani ya mchele hakusaidii, na vumbi lake huongeza uchafu. Fundi akifungue na kukikausha mapema.

Na hapa tuseme neno la wazazi. Kishikwambi kikigoma, lawama humwangukia mtoto aliyekishika mwisho. Mtoto anayeogopa kipigo hatasema kwamba kilianguka jana au kilimwagikiwa chai, na hilo ndilo fundi anataka kujua kwanza. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mwulize kwa upole, mshukuru akisema kweli. Pengine hana kosa lolote, ni vumbi tu.

Kazi ya leo jioni

Dada mpendwa, dawa iliyo bora hutolewa mgonjwa angali mzima. Ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, ruhusu picha zihifadhiwe katika akaunti yako ya Google. Kama intaneti ni ghali, nakili picha na sauti kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha itoe na kuiweka mahali pengine. Hesabu za kikundi ziandikwe pia kwenye daftari. Nywila iandike kwenye karatasi na uifungie pamoja na vyeti. Na kishikwambi kinachokwenda likizo kiache na chaji nusu, mahali penye ubaridi, mbali na joto la bati.

Ukifanya hivyo, siku kioo kitakapokuwa cheusi utakuwa na shida ya kifaa tu. Hadithi ya bibi itakuwa salama, ikiwangoja wajukuu.